Kinanda Kikilia, Inuka Kitini
Maswali ya wasomaji kuhusu muziki na dansi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Desemba iliyopita nilimtembelea kaka yangu anayefanya kazi Houston, Marekani. Jumamosi moja alinipeleka Lafayette, jimbo la Louisiana, kwenye ukumbi wa dansi wanakopiga muziki wa Cajun, ule wa akodiani na fidla. Niliupenda kupita kiasi. Lakini mzee mmoja alinijia mara tatu, akaninyooshea mkono tucheze, na mara zote tatu nikamkatalia kwa sababu sijui hata hatua moja. Nikabaki kurekodi kwa simu. Kaka anasema nisijali, ati hayo ni maonyesho ya watalii kama ngoma za hotelini. Mimi roho inanisuta. Je, nilikosa? Na nikirudi mwaka huu, nitachezaje?
Msomaji wa Umoja, Nairobi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mzee yule hukumvunjia heshima, maana ulikataa kwa upole na yeye akaona haya yako. Lakini uliondoka na njaa, na sufuria ilikuwa imejaa mbele yako. Kuhusu kaka yako, mwambie sikubaliani naye hata kidogo. Maonyesho ya watalii yana jukwaa upande huu na viti upande ule. Ukumbi uliouona una bendi inayopiga ili watu wacheze, na anayekaa kitini usiku kucha ndiye mgeni.

Nasema haya kwa kuwa nimefika. Mwaka 2016 mpwa wangu anayeishi Houston alinipakia garini, tukaenda kama kilomita 350 hadi Lafayette, na Jumamosi asubuhi na mapema tukashika njia ya Eunice, mji mdogo ulio katikati ya mashamba ya mpunga. Pale kuna duka la Marc Savoy, fundi wa akodiani aliyelifungua mwaka 1966. Jumamosi asubuhi wapigaji huja na ala zao, wakakaa duara, wakapiga pamoja. Hakuna kiingilio. Nilidhani naenda kuona tamasha. Nikakuta wazee wenye mashati ya mikono mirefu, akina mama na gitaa zao, na mvulana wa miaka kama kumi na miwili ameshika fidla. Mezani kulikuwa na boudin, soseji yao ya wali na nyama ya nguruwe.

Yule mvulana alikuwa akipotea kila wimbo ulipofika sehemu ya pili. Mzee aliyekaa naye hakusimamisha muziki na wala hakumwambia neno. Aligeuza tu fidla yake kidogo, shingo ya ala ikamwelekea mtoto, ili aone vidole vinakwenda wapi. Wimbo ukarudiwa, ukarudiwa tena, mpaka mtoto akaushika. Nimefundisha muziki shuleni miaka ishirini na tisa na sijawahi kufundisha somo zuri kama lile.

Kisha mama mmoja akatoa mkobani pembetatu ya chuma. Wanaiita 'tit fer, yaani chuma kidogo. Zamani waliiunda kwa meno ya reki kubwa ya kukusanyia nyasi za mifugo. Kawaida hupiga mtu mmoja tu kwa wakati, kwa sababu vyuma viwili vikipishana kidogo tu, duara lote linayumba. Alipoanza kuigonga, mwili ulinisisimka. Baba yangu, kule Kangema, Murang'a, alikuwa mpiga karing'aring'a, ile pete ya chuma inayogongwa kwa ufito wa chuma kumfuata mpiga kinanda, yaani akodiani, kwenye mwomboko, dansi yetu Wakikuyu. Nilikaa kwenye kiti cha kukunja, ng'ambo ya bahari, nikasikia chuma kile kile kikiniambia mguu uanguke wapi.

Na kinanda ni kile kile. Akodiani zilitoka Ujerumani, zikafika Louisiana katika karne ya 19, na kwetu zikaja na walowezi na wafanyabiashara wakati wa ukoloni. Zilipendwa huko na huku kwa sababu rahisi: zina sauti kubwa. Kabla ya umeme, fidla peke yake ilizamishwa na vishindo vya miguu ya watu, lakini akodiani ilisikika mpaka nje ya nyumba. Vijana wa Kikuyu wa miaka ya 1930 na 1940 waliangalia walzi, dansi ya wawili ya mapigo matatu, na dansi za Kiskoti za wazungu, wakachukua walichokitaka, wakakiingiza mwendo wao: hatua mbili, kisha kujikunja. Hakuna anayesema leo kwamba mwomboko si wetu. Kwa hiyo nikiona Mkajuni anacheza walzi, siulizi walzi ilitoka wapi.

Hao Wakajuni ni akina nani? Jina ni neno Acadien lililomegukia mdomoni. Mababu zao walikuwa wakulima Wafaransa waliohamia Acadia, Kanada ya mashariki, tangu mwanzo wa karne ya 17. Kuanzia mwaka 1755 Waingereza waliwang'oa, wakachoma nyumba zao na kuwapakia merikebuni, watu zaidi ya 10,000, familia zikatawanywa bandari hii na ile. Baadhi yao walifika Louisiana kuanzia miaka ya 1760, na mwaka 1785 meli saba zikaleta wengine kama 1,600 kutoka Ufaransa. Ndiyo maana nyimbo zao zimejaa uyatima, kuachwa na kwenda mbali. Utashangaa mwimbaji analia kwa uchungu huku watu mia moja wakizunguka ukumbi wakitabasamu. Mimi sikushangaa. Matanga ya kwetu yalinifundisha mapema kwamba machozi na ngoma hukaa nyumba moja.

Lililonigusa zaidi ni la lugha. Mwaka 1921 katiba ya Louisiana ilifanya Kiingereza kuwa lugha pekee ya kufundishia, na watoto waliozungumza Kifaransa uwanjani wakaadhibiwa, wakaandikishwa mstari mmoja mara mia kwamba hawatakisema tena. Wengi walikua wakiona haya na hawakuwarithisha watoto wao. Mwanangu, katika shule ya msingi niliyosoma, aliyesikika akisema lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni, akatembea nacho mpaka amsikie mwenzake amkabidhi. Nimekivaa. Naijua ladha yake mdomoni hata sasa. Kwa hiyo jioni ya siku ile, katika ukumbi wa Liberty pale pale Eunice, mtangazaji alipopanda jukwaani na kuzungumza Kifaransa chao waziwazi, wazee wakimjibu kutoka vitini, nilijua ninachokiona. Walikirudisha polepole. Mwaka 1964 Dewey Balfa, mpiga fidla, alikwenda na wenzake kwenye tamasha la muziki la Newport, kaskazini-mashariki mwa Marekani, na watu wasiojua neno lao hata moja wakasimama kuwashangilia. Alirudi nyumbani akaanza kuwahimiza wenzake wasiuache muziki wao ufe. Mwaka 1968 jimbo likaunda baraza la kukuza Kifaransa, na Machi 1974 wakafanya tamasha kubwa Lafayette ambalo watu wa huko hulitaja mpaka leo. Lakini hayo yote yasingefaa kitu bila zile Jumamosi za kawaida, za mvulana na mzee wake.

Sasa miguu. Walzi yao ni moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, hatua zote zikitambaa chini. Usinyanyue mguu kama anayevuka mtaro. Magoti yalegee, mabega yatulie. Tustepu, dansi ya haraka kidogo, ukiijifunza kwa urahisi wake ni hivi: kushoto, unganisha, kushoto, gusa, kulia, unganisha, kulia, gusa. Basi. Watu wote huzunguka ukumbi kwa mwelekeo mmoja, kinyume cha mishale ya saa. Wanaokwenda kasi hushika ukingo, wanaoanza hukaa ndani zaidi. Usisimame katikati ya njia kuongea wala kupiga picha, utagongwa, na kosa litakuwa lako.

Mwenzako usimwangalie miguu. Usikilize mkono wake. Usiku ule Liberty, mzee mmoja aliniinua kabla sijapata kisingizio. Kiganja chake kilikuwa kigumu kama cha mkulima wa kahawa, nacho kilikaa mgongoni mwangu, chini ya bega, kwa uzito wa kitabu tu. Kilipobonyea kidogo nilikwenda nyuma, kilipolegea nilijua tunageuka. Nilikosea mara nne, na mara zote nne alipunguza tu mwendo mpaka chuma kiliporudi kwenye moja, tukaanza tena. Mwishoni alinirudisha kwenye kiti changu, akashukuru, akaenda kumwinua mama mwingine. Kumchukua mtu usiyemjua kwa wimbo mmoja ni adabu ya kawaida huko, haina maana nyingine ndani yake.

Na jambo la watoto. Zamani dansi zilifanywa nyumbani kwa watu, na watoto walilazwa chumba cha pili wakiambiwa fais do-do, yaani lala, mtoto, lala. Mpaka leo dansi yenyewe huitwa hivyo. Fikiria mtoto anayesinzia kila wiki huku ukuta ukitetemeka kwa akodiani. Ukirudi, nenda saa bendi inapoanza, wakati ukumbi bado una nafasi. Kabla ya hapo, vaa soksi, sogeza meza, ufanye mazoezi ya walzi sebuleni Umoja. Halafu ukisikia kuna mwomboko kwenye ruracio, sherehe ya mahari, au sherehe ya wazee, nenda. Mbele ya mpiga kinanda halisi utajifunza lisilomo katika simu: yeye huwatazama wachezaji, akiona wamenoga, anarefusha wimbo.

SWALI: Mwalimu, naomba kujua, Cajun na zydeco ni muziki mmoja? Na je, huu ni muziki wa wazungu tu?
Msomaji wa Kasarani

JIBU: Ni ndugu wa jirani, ua moja, milango miwili. Zydeco ni ya Wakrioli, watu weusi wa Louisiana wenye Kifaransa chao, nayo imekunywa sana kutoka blues, muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi. Badala ya pembetatu utaona ubao wa bati wa kufulia uliofanywa fulana ya kuvaliwa kifuani, ukisuguliwa kwa vifungulio vya chupa. Mfalme wake alikuwa Clifton Chenier wa Opelousas, mji wa Louisiana, aliyefariki mwaka 1987. Jina zydeco husemwa limetoka kwenye kauli ya Kifaransa ya kwamba maharagwe hayana chumvi, yaani maisha ni magumu hata kipande cha nyama ya chumvi hakipo chunguni.

Ama kuhusu wazungu, msikilize Amédé Ardoin. Alikuwa mtu mweusi, mpiga akodiani na mwimbaji, na mwaka 1929 alirekodi sahani za santuri pamoja na mpiga fidla mzungu, Dennis McGee, mwaka mmoja tu baada ya Joe Falcon na Cléoma Breaux kutoa sahani ya kwanza ya muziki wa Cajun. Nyimbo nyingi ambazo Wakajuni wanazipiga leo zimepita kwenye vidole vyake. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja, kwenye dansi ya wazungu, mwanamke mweupe alimpa kitambaa apanguse jasho, na kwa ajili hiyo tu wanaume walimvizia njiani wakampiga mpaka akili ikaharibika. Alifia hospitalini Pineville mwaka 1942. Mtu akikuambia muziki ule ni wa wazungu tu, mtajie jina hilo.

SWALI: Babu yangu alituachia akodiani ndogo yenye vifungo. Nina miaka 19, nataka kujifunza. Nianzie wapi? Naweza kupiga nyimbo za Cajun nayo?
Kijana wa Githurai

JIBU: Umepata urithi mkubwa, mjukuu wangu. Kabla ya yote, bonyeza kifungo kimoja, sukuma, halafu kwa kifungo hicho hicho vuta. Sauti zikiwa mbili tofauti, una akodiani ya jamii ile ile wanayotumia Wakajuni, ingawa yao ina safu moja ya vifungo 10 upande wa kulia. Sauti ikiwa ileile, una aina nyingine, na vidole vitahitaji njia yake. Zote mbili zinafaa kujifunzia, lakini ujue unachokishika.

Usiifungue ndani kwa bisibisi. Mivukuto ya karatasi na ngozi ikikaa miaka mingi kwenye unyevu huchoka mikunjoni. Shikilia mkanda wake, usibonyeze chochote, uiache ifunguke yenyewe kwa uzito wake. Ikifunguka haraka, inavuja hewa, na utahangaika bure ukidhani tatizo ni mkono wako. Mtafute anayetengeneza vinanda vya mwomboko. Waulize wazee waliocheza na babu yako, maana wao ndio wanaomjua.

Nyimbo za Cajun utaziweza. Lakini anza na alizopiga babu. Omba aliyezisikia akuimbie, utafute sauti kifungo kwa kifungo, kusukuma na kuvuta, dakika ishirini kila jioni. Ukishapata nyimbo mbili, mtafute mtu wa kukupigia karing'aring'a, hata kama ni dada yako na pete ya chuma mliyookota kwa fundi wa magari. Halafu fungueni mlango wa mbele.