Kitalu cha mpunga na maji ya chumvi

Mwaka wa kwanza nilisia mpunga nyuma ya nyumba yangu hapa Kisauni, kwa kuwa jaruba lenyewe liko bondeni upande wa Kwale na sikuwa na mtu wa kuniamia ndege huko. Mbegu ziliota vizuri, lakini siku chache baadaye ncha za majani ziligeuka nyeupe, zikajikunja kama nyuzi, na nusu ya miche ikafa. Nilimlaumu aliyeniuzia mbegu, kumbe kosa lilikuwa langu: nilikuwa nikimwagilia maji ya kisima, na kisima changu, kama vingi vilivyo karibu na bahari, kina chumvi. Mbegu ya mpunga huvumilia chumvi kiasi inapoota. Mche mchanga ndio usioiweza. Tangu hapo kitalu changu hunywa maji ya mvua niliyoyakinga kwenye bati, na yakiisha nanunua mitungi kwa wenye mikokoteni.

Chumvi ninaihitaji mara moja tu, wakati wa kuchagua mbegu. Naikoroga ndani ya ndoo ya maji mpaka yai bichi lielee na kutokeza juu sehemu ndogo, kadiri ya sarafu ya shilingi, kisha namimina mbegu na kuondoa mapepe yanayoelea. Zilizozama nazisuuza mara tatu kwa maji matamu, nazilowesha kwa saa 24, halafu nazivundika katika gunia bichi kwa siku moja au mbili, hadi kimzizi cheupe kichomoze. Ukingoja kirefuke, mizizi itashikana na kukatika unaposia.

Tuta liwe na upana wa mita 1 ili mkono ufike katikati, na mchanga wetu uchanganywe na udongo mzito wa bondeni pamoja na samadi iliyooza. Kuku wa jirani wazibiwe njia mapema.

Wengi hung'oa miche ikiwa na siku 21 au zaidi. Mimi hufuata mtindo ulioanzia Bukini, yaani Madagaska, miaka ya 1980: miche ya siku 8 hadi 12, yenye majani mawili, kwa maana huchipua sana, mradi jaruba limesawazishwa na maji ni haba, la sivyo itazama. Siing'oi kwa kuivuta, bali naikata na udongo wake kwa sepeto, naipanga kwenye karai, naifunika gunia bichi na kuvuka nayo feri ya Likoni alfajiri, ili kabla ya adhuhuri kila mche uwe umeatikwa peke yake, sentimita 25 kutoka kwa mwenzake.