Kakangu alilazimishwa kuwabeba wezi: je, kifungu cha 16 kitamwokoa?

SWALI: Wakili, hujambo? Kakangu mdogo ana miaka 23, anaendesha bodaboda hapa Kayole. Mwezi jana usiku alibeba abiria wawili hadi Umoja. Waliingia duka la M-Pesa, wakampiga mhudumu kichwani kwa kitako cha bastola, wakatoka na pesa na kupanda nduthi tena. Anasema walimwambia, "Endesha ama tukumalize, na kwenu tunapajua." Aliwashusha Donholm, wakampa shilingi 2,000. Hakuripoti. Siku ya tatu akashikwa, kwa sababu kamera ya duka jirani ilinasa nambari ya pikipiki. Aliwaambia polisi hakujua lolote. Sisi ametuambia alilazimishwa. Ameshtakiwa Makadara kwa wizi wa mabavu. Kulazimishwa ni utetezi kweli? Na je, mhudumu angekufa?

JIBU: Pole sana, dada. Utetezi huo upo, ila mlango wake ni mwembamba kuliko watu wanavyodhani. Na siwezi kukuambia kama kakako anapita hapo kabla sijajua jambo moja ambalo barua yako haikutaja: bastola aliiona saa ngapi?

Nieleze kwa nini nauliza hivyo. Kifungu cha 16 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kinasema hivi, kwa maneno yangu: mtu hawajibiki kwa kosa lililotendwa na watu wawili au zaidi ikiwa alilitenda kwa sababu moja tu, kwamba muda wote wa kitendo hicho mwenzake au wenzake walikuwa wakimtishia kumuua au kumjeruhi vibaya papo hapo akikataa. Kisha kinafunga kwa kusema kwamba vitisho vya madhara ya baadaye havisamehi kosa lolote.

Mawakili wachanga huruka mbio hadi kwenye neno "kumuua" na kusahau "muda wote". Nami nilikuwa hivyo hivyo. Kesi yangu ya kwanza ya aina hii niliipoteza kwa swali moja la mwendesha mashtaka: "Ulipobaki peke yako nje, mkono gani ulikuwa umekushika?" Mteja wangu alinyamaza, nami nikaangalia faili kana kwamba jibu lilikuwa limeandikwa humo.

Kwa hiyo tuukate usiku ule wa kakako vipande vitatu: kutoka Kayole hadi Umoja, zile dakika alizongoja nje ya duka, na safari ya kutoka Umoja hadi Donholm.

Tuseme bastola aliiona mara ya kwanza wale watu walipotoka dukani mbio. Basi vipande viwili vya mwanzo havihitaji kifungu cha 16 hata kidogo. Alikuwa mwendesha boda anayengoja abiria wake, kama wanavyongoja mamia ya wenzake kila usiku. Upande wa mashtaka ndio utakaolazimika kuthibitisha kwamba alikuwa na nia moja na wale wawili. Shuruti, yaani huko kulazimishwa, inabaki kwa safari ya kurudi tu, na hapo ina nguvu: mtu mwenye bastola ameketi nyuma yako, mdomo wake u karibu na sikio lako. Papo hapo zaidi ya hiyo sijui ingekuwaje.

Lakini tuseme aliiona Kayole, kabla ya kuwasha injini. Mambo yanageuka. Sasa anajua anawapeleka wapi na kufanya nini, na shuruti inabidi ifunike safari nzima, pamoja na zile dakika za kungoja. Wote wawili waliingia dukani? Alibaki peke yake, injini inanguruma, barabara iko wazi mbele yake? Kama ndiyo, hakimu atauliza kwa nini hakuondoka. Kama mmoja alisimama mlangoni akimtazama, mkono ndani ya koti, hilo ni jibu. Hiyo kamera iliyomshika kakako huenda ikawa shahidi wake mzuri kuliko wote, kwa hiyo wakili wake aombe picha zote za usiku ule mapema, hata zile ambazo upande wa mashtaka hautaki kuzitumia.

Yale maneno "kwenu tunapajua" najua ndiyo yanayowakosesha usingizi nyumbani, lakini kisheria ndiyo dhaifu kabisa. Ni tishio la kesho. Tena kifungu kinamtaja mshtakiwa mwenyewe kuuawa au kujeruhiwa. Mama, mke au watoto hakiwataji. Kutishiwa kuchomewa nyumba au pikipiki pia hakumo. Binafsi naona hapa sheria yetu ni ngumu kupita kiasi, maana ni nani Nairobi asiyejua kwamba genge la mtaani likisema litarudi, hurudi? Uingereza mahakama ziliwahi kulegeza uzi. Mwaka 1971, katika kesi ya Hudson na Taylor, wasichana wawili walitoa ushahidi wa uongo kwa kuogopa genge, na mmoja wa genge hilo alikuwa ameketi humo humo mahakamani akiwatazama. Mahakama ya rufani ilikubali kwamba tishio halikukosa nguvu kwa kuwa tu lingetekelezwa baadaye, nje. Lakini mwaka 2005, katika kesi ya Hasan, majaji wa juu kule waliukaza tena uzi. Kesi hiyo hiyo inasema anayejiunga na wahalifu kwa hiari, akijua au akipaswa kujua kwamba wanaweza kumshurutisha, asije baadaye kulia shuruti. Hukumu za Uingereza haziifungi mahakama ya Makadara, ila hutajwa. Kwa hiyo kama kakako aliwahi kuwabeba watu hao, au nambari zao zimo kwenye simu yake, wakili ayajue hayo leo, asiyasikie kwa mara ya kwanza kizimbani.

Kuhusu 2,000: nauli ya umbali huo haifiki hapo, na kila mtu mahakamani analijua hilo. Kupokea pesa si kukiri, kwani mwenye bastola akikuambia shika, unashika. Swali litakuwa alizifanyia nini. Na kutoripoti hakumnyimi utetezi, maana kifungu hakidai nambari ya OB, ile ya kitabu cha ripoti za polisi, ila kunaupunguzia uzito. Aeleze hizo siku tatu zilivyokuwa: aliacha kufanya kazi? Alihama kulala kwingine? Alimwambia nani?

Linalonitia wasiwasi zaidi ni hizo kauli mbili. "Sikujua" na "nililazimishwa" hazikai pamoja zikitamkwa kuhusu dakika ile ile. Zinakaa vizuri zikigawanywa: sikujua nilipokuwa naenda, nililazimishwa nilipokuwa narudi. Kama huo ndio ukweli, usemwe hivyo na usiongezwe chumvi. Msimtungie hadithi, dada. Nimeona familia zikimfundisha kijana maneno mazuri kuliko ukweli, na maneno hayo yakamzika.

Mzigo wa kuthibitisha hauko kwake wote. Kifungu cha 111 cha Sheria ya Ushahidi kinamtaka mshtakiwa aonyeshe mazingira yanayomwondolea hatia, lakini mazingira hayo yanaweza kujitokeza hata katika ushahidi wa upande wa mashtaka, tena ushahidi wote ukiacha shaka ya maana kuhusu hatia yake, anaachiliwa. Mhudumu akisema alimsikia mmoja akimfokea mwendesha boda "endesha!", hiyo ni dhahabu. Wakili asiache kumuuliza.

Je, mhudumu angekufa? Uingereza jibu ni fupi: tangu kesi ya Howe mwaka 1987, shuruti si utetezi wa mauaji, hata kwa aliyesaidia tu. Kifungu chetu cha 16 hakitaji mauaji kuwa nje, ilhali kifungu cha 19, kinachomhusu mke aliyeshurutishwa na mumewe, kinayatenga waziwazi mauaji na uhaini. Wakili anaweza kujenga hoja juu ya tofauti hiyo. Mimi nisingependa uhai wa mteja wangu utegemee hoja hiyo peke yake.

Shtaka alilonalo ni zito vya kutosha. Kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu wizi huo, adhabu yake ni kifo, ingawa Kenya haijanyonga mtu tangu 1987, na uamuzi wa Muruatetu wa 2017, uliosema hukumu ya kifo isiwe ya lazima, kama Mahakama ya Juu ilivyoufafanua 2021, ulihusu mauaji tu, haukugusa wizi wa mabavu. Dhamana anaweza kuomba, Katiba inaruhusu hata kwa shtaka hili, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumnyima. Kama hamna pesa za wakili, ombeni msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016.

Ukienda kumwona rumande, usimuulize kama alilazimishwa. Mwambie amweleze wakili wake, peke yao, usiku ule dakika kwa dakika, aanzie hapo alipoiona bastola.