Kutoka Minneapolis hadi Arizona Januari: maji tenkini?

Shikamoo mzee. Umeuliza kama wewe na mama mnaweza kuondoka na gari la kuishi likiwa na maji. Hapana, Minneapolis Januari ni baridi kali. Maji yakiganda hutanuka, na kinachopasuka ni viungio vya plastiki na pampu, mahali usipopaona mpaka sakafu ilowe.

Mwaga tenki zote. Zima hita ya maji, iache ipoe, fungua plagi yake, kisha geuza vali za kuikwepa (ili dawa ipite kando ya hita, isiijaze). Vuta kwa pampu dawa ya pinki ya kuzuia kuganda (ya mabomba ya maji ya kunywa, si ya rejeta!), galoni 2 au 3 hutosha. Fungua kila bomba, la moto na la baridi, mpaka pinki itoke. Choo na shawa pia. Njiani tumieni maji ya madumu. Mkifika kwenye joto, suuzeni mpaka povu liishe.

Gofu mkifika Arizona: jijini Phoenix, Januari ni ghali. Ombeni nafasi ya kuanza kucheza saa saba mchana. Bei hushuka, wala hamtasubiri umande ulioganda uyeyuke. Ila jua huzama kabla ya saa kumi na mbili, basi mashimo 9 yanatosha.

Matembezi? Nendeni Lake Havasu City, mji wa huko huko Arizona, mkalione daraja la London lililohamishiwa pale kutoka Uingereza na kufunguliwa 1971.