Maswali ya wasomaji: Kompyuta pepe za kazini

SWALI: Habari za kazi. Ofisi yetu ya uhasibu hapa Arusha ina watu 12. Wakiwa nyumbani huingia kwenye seva ya ofisi kwa Remote Desktop, programu ya kuendesha kompyuta iliyo mbali. Fundi alitufungulia poti 3389, yaani mlango wa mtandao unaotumiwa na Remote Desktop, kwenye ruta. Sasa tunataka kuhamia kwenye wingu, yaani seva za kukodi kupitia intaneti. Tukiihamisha seva ilivyo, na poti ileile, tutakuwa salama?

JIBU: Hapana, na hiyo poti ifungeni leo, kabla hata ya kufikiria kuhama. Programu za wavamizi hupita kwenye anwani za intaneti usiku na mchana zikitafuta 3389 iliyo wazi, kisha hujaribu nywila moja baada ya nyingine. Ikipatikana moja tu, mafaili ya wateja wenu yatafungwa na mtadaiwa pesa ili yafunguliwe. Seva ikiwa Arusha au ikiwa kwenye wingu, hatari ni ileile.

Chukueni huduma ambayo kompyuta pepe (Windows inayoendeshwa kwenye wingu, mfanyakazi akiiona kwenye skrini yake) haingoji kubishiwa hodi kutoka nje. Kwenye Azure Virtual Desktop, huduma ya kompyuta pepe kwenye Azure, wingu la Microsoft, kompyuta pepe ndiyo inayotoka kupitia poti 443 kwenda kwenye lango la Microsoft. Mfanyakazi naye anafika kwenye lango hilo, anathibitishwa, ndipo wanaunganishwa. Hakuna poti inayofunguliwa kuelekea ndani.

Kwa watu 12 wa Excel, barua pepe na programu ya mahesabu, anzeni na kompyuta pepe mbili za kugawana, kila moja viini 4 vya prosesa na RAM ya GB 16. Mwongozo wa Microsoft kwa kazi ya wastani ni watu wanne kwa kila kiini, kwa hiyo kwa hesabu tu moja ingetosha. Lakini mkiwa na mbili mnaweza kusasisha moja huku kazi ikiendelea kwenye nyingine. Tena kinachoisha kwanza kwa kawaida ni RAM, si prosesa, hasa watu wakiacha tabo 20 za Chrome wazi. Kama mna leseni za Microsoft 365 Business Premium, haki ya kutumia huduma hii imo ndani yake. Mtalipia mashine, diski na mtandao tu.

Kabla ya kumruhusu mtu wa kwanza kuingia, washeni uthibitishaji wa hatua mbili kwa kila mmoja, mkurugenzi akiwemo. Kisha nendeni kwenye mipangilio ya RDP (itifaki ya Remote Desktop) ya kundi la kompyuta zenu. Andikeni drivestoredirect:s: bila kitu mbele yake, ili diski na flashi za laptop ya nyumbani zisionekane ndani. Kunakili na kubandika huzimwa kwa redirectclipboard:i:0, ila wahasibu watateseka kuandika upya kila namba ya ankara. Sisi tungeruhusu maandishi kuingia na kuzuia yasitoke. Sera ya kuchagua upande ipo kwenye Windows 11. Mkiacha njia hizi wazi, jedwali la mishahara linaburutwa hadi kwenye flashi kwa sekunde tatu, na gharama yote ya kuhamia wingu haijalinda kitu.

Jambo moja la kisheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ina masharti kuhusu kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi. Data ikikaa kwenye kituo cha wingu cha Johannesburg, kwa mfano, imetoka nje. Mwoneni mwanasheria kabla ya kuchagua kituo, si baada ya kuhama.

SWALI: Niko Nairobi. Wafanyakazi wetu wote huzima kompyuta pepe za Azure jioni, lakini bili ya mwezi ni kana kwamba zinawaka saa 24. Kwa nini?

JIBU: Kwa sababu kuzima kutoka ndani ya Windows hakurudishi mashine kwa mwenye wingu. Fungua ukurasa wa Azure uangalie hali yake: ikiandikwa «Stopped» peke yake, viini na RAM bado vimeshikiliwa kwa jina lako na unalipia. Inatakiwa isomeke «deallocated». Hapo unalipia diski tu. Zima kutoka kwenye ukurasa huo, au weka ratiba ya kuwasha na kuzima.

Ukiweka ratiba, kagua saa za eneo. Ikiachwa kwenye UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa tatu, mashine uliyoipangia kuwaka 08:00 itawaka saa tano asubuhi ya Nairobi, na watu watakaa saa tatu nzima wakilaumu intaneti.

Mwingine anayekula pesa ni yule anayefunga dirisha kwa alama ya X. Yeye ameondoka, lakini kipindi chake, yaani kuingia kwake pamoja na programu alizofungua, kimebaki ndani, na ratiba huenda isiizime mashine yenye kipindi kilicho hai. Weka sera inayofunga vipindi vilivyoachwa baada ya saa mbili. Dakika 15 ni chache mno: umeme ukikatika nyumbani kwa mtu, atakuta kazi ambayo hakuihifadhi imepotea.

SWALI: Dada mmoja ofisini kwetu kila baada ya siku chache hukuta eneokazi tupu, Outlook inataka kuanzishwa upya, mafaili hayapo. Kesho yake yote yamerudi. Ni virusi?

JIBU: Si virusi. Amepewa profaili ya muda, yaani eneokazi na mipangilio mitupu ya kupita. Kwenye kompyuta za kugawana, profaili ya kila mtu hukaa ndani ya faili moja la VHDX (diski pepe) kwenye hifadhi ya pamoja, na FSLogix, programu ya Microsoft ya kutunza profaili, huliambatisha anapoingia. Faili hilo likiwa bado limeshikwa na mashine ya jana, kwa sababu kipindi hakikufungwa vizuri, mashine ya leo haiwezi kulishika. Basi Windows inamtengenezea profaili tupu, na chochote atakachohifadhi humo hufutwa akitoka. Mwambieni akiona eneokazi tupu asiandike kitu; atoke na kuwaita.

Angalieni kumbukumbu za matukio kwenye C:\ProgramData\FSLogix\Logs\Profile. Zikitaja faili kutumiwa na mwingine, fungeni kipindi cha zamani, na ikibidi liachilieni faili hilo kutoka upande wa hifadhi. Kosa likiwa la ruhusa, rekebisheni haki za folda. Pia pimeni ukubwa: kikomo cha kawaida ni karibu GB 30, na Outlook yenye barua za miaka hukijaza. Ongezeni thamani ya SizeInMBs kwenye mipangilio ya FSLogix. Faili litapanuka atakapoingia tena. Mwisho, humohumo wekeni PreventLoginWithTempProfile kuwa 1. Atazuiwa kuingia badala ya kufanyia kazi mahali ambapo itafutwa.

SWALI: Intaneti ya kasi gani inatosha kutoka Dar es Salaam?

JIBU: Kasi si tatizo kubwa: Mbps 1.5 kwa kazi nyepesi, 3 kwa ya wastani. Pimeni muda wa data kwenda na kurudi. Chini ya milisekunde 100 ni raha, hadi 150 inavumilika, ikipita 200 herufi zinachelewa nyuma ya vidole. Waulizeni pia wauza intaneti njia yao ya akiba. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Afrika Mashariki ikayumba. Laini mbili za kampuni tofauti zinazopita waya mmoja baharini ni laini moja.

SWALI: Mtu akitumia kompyuta ya nyumbani yenye virusi, data iko salama?

JIBU: Mafaili hayatatoka kirahisi, lakini programu ya kunasa vibonye itasoma nywila zake na nyingine itapiga picha ya skrini. Washeni ulinzi wa kupiga picha ya skrini na alama ya QR juu ya eneokazi. Picha ya simu hamuizuii, ila QR itaonyesha imetoka kwenye kipindi gani. Kwa anayeshika mishahara au benki, mnunulieni laptop ya kazi.