Maswali na Majibu: Kuhani Ni Nani, na Anasimama kwa Ajili ya Nani?

Barua nilizopokea mwezi huu zimeligusa jambo moja kwa njia mbalimbali, nalo ni ukuhani. Nimefupisha maswali bila kugeuza maana yake. Wasomaji wajue pia kwamba mimi ni katekista Mkatoliki, ingawa nitajitahidi kueleza kwa haki yale ambayo ndugu zetu wa makanisa mengine wanayaamini.

Kuhani, padri, kasisi na mchungaji: je, ni mtu mmoja mwenye majina manne? (Msomaji wa Busia)

Maneno hayo yametoka katika lugha tofauti, na kila moja limekuja na maana yake. "Kuhani" limetufikia kwa njia ya Kiarabu, nalo ni ndugu wa neno la Kiebrania *kohen*, yaani mtu aliyewekwa kuhudumu madhabahuni. "Padri" ni la Kireno, na maana yake ni baba. "Kasisi" pia limepitia Kiarabu, lakini chimbuko lake ni Kisiria, ambako maana yake ya kwanza ilikuwa mzee. "Mchungaji" halihitaji kufasiriwa kwa mtu wa Ankole au wa Karamoja.

Agano Jipya la Kigiriki linatenganisha kuhani, *hiereus*, na mzee, *presbuteros*. Viongozi ambao Paulo na Barnaba waliwaweka katika kila kanisa (Matendo 14:23) wanaitwa wazee, na hakuna mahali ambapo kiongozi wa kusanyiko la Kikristo anaitwa *hiereus* kwa sababu ya cheo chake. Jina hilo wanalo makuhani wa Yerusalemu, kuhani wa Zeu kule Listra, Kristo mwenyewe, na waamini wote kwa pamoja. Ni katika karne ya tatu, hasa katika maandishi ya Kipriano, askofu wa Karthago, ndipo tunapoona askofu akiitwa kuhani kama jambo la kawaida. Hapa kwetu Uganda Biblia ya Kiganda inatumia *kabona*, neno lililokuwa la mhudumu wa hekalu la lubaale, yaani la miungu ya jadi ya Waganda, ilhali Wakatoliki walichukua *omusaserdooti* kutoka Kilatini. Wale waliotafsiri walijua kwamba neno hilo ni zito, na kila upande ulitafuta namna yake ya kulibeba.

Nikisoma Walawi naona damu tu. Je, kuhani alikuwa mchinjaji? (Askari mstaafu, Bombo)

Mzee wangu, nakushukuru kwa swali hili, kwa sababu wengi huishia njiani katika kitabu hicho wakiwa na wazo hilohilo. Soma tena Walawi 1:5 polepole. Katika sadaka ya kawaida ya kuteketezwa, anayemchinja ng'ombe ni yule mwenye sadaka, na kazi ya kuhani inaanza baada ya hapo, anapoipokea damu na kuisogeza madhabahuni. Kuchinja kuliwezekana kwa mikono ya mtu yeyote, lakini kukaribia kulihitaji mtu aliyewekwa wakfu.

Zaidi ya hayo, kuhani aliwasha taa za hema, akapanga mikate mbele za Bwana, akawafundisha watu sheria, akamkagua mgonjwa wa ngozi ili kuamua kama anaweza kurudi kambini, na akawabariki Waisraeli kwa maneno ya Hesabu 6:24-26 ambayo bado tunayasikia kanisani. Wakati Waisraeli walipogawiwa nchi, ukoo wa Haruni haukupewa fungu, kwa maana Mungu alimwambia kwamba yeye mwenyewe ndiye fungu lake na urithi wake (Hesabu 18:20). Katika nchi yetu, ambako ndugu wa tumbo moja wanapelekana mahakamani kwa ajili ya kibanja, sharti hilo linaeleweka bila maelezo marefu.

Lakini ukitaka kuuona ukuhani wote kwa mtazamo mmoja, fungua Kutoka 28. Vazi la Haruni lina vito viwili mabegani, na juu ya vito hivyo yamechorwa majina ya wana wa Israeli, sita upande huu na sita upande ule. Kifuani ana kifuko cha kitambaa chenye vito kumi na viwili, na kila kito kina jina la kabila lake. Kila anapoingia patakatifu anaingia na majina hayo, mzigo juu ya mabega na kumbukumbu juu ya moyo. Mimi kila nikiulizwa kuhani ni nani, hujibu kwa picha hiyo: ni mtu anayeyabeba majina ya wengine mbele za Mungu. Haingii kwa ajili ya nafsi yake peke yake, ingawa naye ni mwenye dhambi, na ndiyo sababu Siku ya Upatanisho alilazimika kutoa kwanza ng'ombe kwa ajili yake na nyumba yake (Walawi 16:6).

Yesu alikuwa wa kabila la Yuda, si la Lawi. Aliupataje ukuhani? (Mwanafunzi, Arua)

Swali lako aliliona mwandishi wa Waebrania kabla yako, naye hakulikwepa. Anakiri waziwazi kwamba Bwana wetu alitoka Yuda, kabila ambalo Musa hakulitaja katika habari za makuhani (7:14). Kwa mujibu wa sheria, Yesu asingeweza hata kuingia patakatifu pa hekalu la Yerusalemu.

Jibu lake linarudi nyuma ya Lawi, hadi Mwanzo 14, ambapo Melkizedeki, mfalme wa Salemu na kuhani wa Mungu Aliye Juu Sana, anatoa mkate na divai, anambariki Abrahamu na kupokea kutoka kwake sehemu ya kumi. Hatuambiwi baba yake wala ukoo wake. Baadaye Zaburi ya 110 inamwambia mfalme: "Ndiwe kuhani hata milele, kwa mfano wa Melkizedeki." Kwa hiyo, asema mwandishi, uko ukuhani ambao haurithiwi kwa damu na haukomi kwa kifo. Makuhani wa Lawi walikuwa wengi kwa sababu kila mmoja alikufa akamwachia mwingine, lakini huyu anaishi daima awaombee wale wanaomjia Mungu kwa yeye. Hakupeleka damu ya mnyama, alijitoa mwenyewe, mara moja tu.

Petro anatuita sote "ukuhani wa kifalme". Basi mapadri ni wa nini? (Mwalimu, Masaka)

Mwalimu, uko mahali pazuri pa kuuliza, kwa kuwa ni Villa Maria, katika eneo lenu, ambako Bazilio Lumu na Victoro Mukasa walipewa upadri mwaka 1913, wa kwanza miongoni mwa Wakatoliki wazalendo wa Uganda. Lakini naomba turudi miaka mingine nyuma zaidi.

Kati ya mwisho wa mwaka 1882 na katikati ya 1885 wamisionari Wakatoliki walikuwa wameondoka Buganda. Waliobaki walikuwa "wasomaji" wachache (ndivyo waongofu walivyoitwa), vijana wa ikulu na watu wa kawaida, ambao waliendelea kusali, kufundishana na kuwaleta wengine. Kisha, usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886 huko Munyonyo, Kabaka Mwanga akiwa ameamua kuwaua, na hakuna padri aliyeweza kuitwa usiku ule, Karoli Lwanga, kiongozi wa vijana wa ikulu, aliwabatiza wenzake waliokuwa bado wakatekumeni, yaani wakijiandaa kwa ubatizo, na miongoni mwao alikuwemo kijana Kizito. Lwanga mwenyewe alikuwa amebatizwa Novemba iliyotangulia. Hakuwa na daraja lolote la Kanisa, lakini usiku ule aliyabeba majina ya wenzake. Hakuna maelezo ya 1 Petro 2:9 yanayonigusa kuliko hayo.

Sasa, kama hivyo ndivyo, padri ni wa nini? Martin Luther, mwaka 1520, aliandika kwamba wabatizwa wote ni makuhani, na kwamba mchungaji anatofautiana nao kwa kazi aliyokabidhiwa tu. Makanisa mengi ya Kiprotestanti yanafuata mwelekeo huo. Kanisa Katoliki, katika Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Pili wa Vatikano mwaka 1964, lilifundisha kwamba ukuhani wa waamini wote na ukuhani wa daraja, yaani wa mapadri na maaskofu, hutofautiana kwa asili, si kwa kiwango tu, lakini umoja kati yao ni kwamba kila mmoja kwa namna yake hushiriki ukuhani mmoja wa Kristo. Ninavyoelewa mimi, padri amewekwa ili wabatizwa waweze kuutimiza ukuhani wao: awalishe Neno na Ekaristi, nao waende sokoni, shambani na kazini wakiwa sadaka iliyo hai. Padri anayewafanya waamini kuwa watazamaji amesahau kwa nini aliwekwa, na mwamini anayesema hamhitaji padri amesahau kwamba hakuna ajibatizaye.

Mchungaji wetu asema yeye ndiye kuhani wangu, na nisipopitishia fungu la kumi mkononi mwake sitabarikiwa. (Mama, Jinja)

Mama, hapana. Mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, Kristo Yesu (1 Timotheo 2:5), na baraka yake haiuzwi. Kutoa ni jambo jema, na mhudumu anastahili kula kutokana na huduma yake, lakini mtu anayekutisha kwa jina la Mungu ili akupokonye fedha ya ada ya watoto anafanana na wana wa Eli, ambao mtumishi wao alichukua nyama ya sadaka kwa uma wa meno matatu, na hata kuidai kabla Bwana hajapewa sehemu yake (1 Samweli 2). Maandiko yanasema dhambi yao ilikuwa kubwa sana, kwa sababu sadaka ya Bwana ilidharauliwa. Toa kwa kadiri ya moyo wako, wala usiogope.

Je, kutokuoa ni sehemu ya ukuhani? (Kijana, Mbarara)

Si sehemu ya asili yake. Wana wa Haruni walioa, tena ukuhani wao ulirithiwa kwa kuzaliwa. Petro alikuwa na mama mkwe. Kanisa la Magharibi lilitangaza mwaka 1139, katika Mtaguso wa Pili wa Laterano, kwamba ndoa ya kasisi baada ya kupewa daraja takatifu ni batili, ilhali Waorthodoksi, pamoja na wenzetu wa Namungoona kule Kampala, huwapa upadri wanaume waliokwisha kuoa na kuwachagua maaskofu kutoka kwa wasiooa. Waanglikana huoa. Useja ni zawadi ambayo Kanisa letu limeichagua iandamane na upadri, nami naiheshimu kwa moyo wote, lakini usiitaje kama amri ya Sinai.

Padri aliyembatiza mwanangu ameacha upadri kwa aibu kubwa. Je, nimbatize upya? (Baba, Gulu)

Pole sana, baba. Swali hili liliwahi kuligawa Kanisa la Afrika Kaskazini katika karne ya nne, baada ya baadhi ya maaskofu kushutumiwa kwamba waliyasalimisha Maandiko wakati wa mateso ya mfalme Dioklesiano. Wadonati, kundi lililojitenga kwa sababu hiyo, walisema mikono iliyochafuka haiwezi kutoa sakramenti. Augustino wa Hippo aliwajibu kwamba hata Petro akibatiza, hata Yuda akibatiza, anayebatiza ni Kristo. Dhambi ya mhudumu itadaiwa kwake, na wale aliowaumiza wanastahili kusikilizwa na kutendewa haki, lakini haiwezi kuifuta kazi ambayo haikuwa yake tangu mwanzo. Mwanao amebatizwa. Jina lake limekwisha kuingia, na Aliyelibeba hajaondoka.