Oksijeni inapita, sodiamu inakwama
Ndugu, umeuliza kwa nini utando wa seli unapitisha oksijeni kirahisi ilhali ioni ya sodiamu, yaani atomu yenye chaji ya umeme, ndogo vile, inazuiwa. Ukubwa si hoja hapa, hoja ni chaji. Utando ni tabaka mbili za fosfolipidi, molekuli za mafuta zenye kichwa na mikia: vichwa vinavyopenda maji vimeelekea nje na ndani ya seli, mikia ya mafuta imejificha katikati. Oksijeni haina chaji, inayeyuka kwenye mafuta na kupenya. Sodiamu ina chaji inayovuta maji, hivyo imezungukwa na molekuli za maji, kwa hiyo mafuta hayaitaki kabisa. Lazima ipitie mlango wa protini. Tena ipo pampu inayotoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2, kwa gharama ya molekuli moja ya ATP, ile inayobeba nishati ya seli. Na usiuchore utando kama ukuta mgumu, michoro mingi hupotosha hapo: utando ni majimaji, protini zinaelea humo.