Vumbi la muheme limekuwa vigae: nibadilishe vipi video za kamera?

SWALI: Shikamoo kaka. Napiga video za sendoff na harusi hapa Dodoma. Juzi nilirekodi kikundi cha muheme, ngoma ya Wagogo, Chamwino. Kamera yangu inatoa faili za MTS, na laptopu yangu ya RAM GB 8 ilikuwa inaganda kila nikikata. Nikazibadilisha zote kuwa MP4 kwa programu ya bure. Bado inaganda, na sasa vumbi miguuni mwa wachezaji limekuwa vipande vipande kama vigae. Nifanyeje nisipoteze ubora? Kadi bado ninayo. (Msomaji, Ipagala)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kadi hiyo usiifute wala usirekodi kitu kingine juu yake. Leo hii nakili folda yake nzima kwenye diski ya nje, si zile MTS peke yake. Kamera za aina hiyo hukata rekodi ndefu katika faili kadhaa, na folda nzima ndiyo inayoisaidia programu ya kuhariri kuziunga bila sauti kuruka.

Sasa tuelewane juu ya neno kubadilisha. MTS ni kasha tu, na MP4 nayo ni kasha. Kilichomo ndani ni picha zilizobanwa kwa kodeki, yaani njia ya kubana video, na kwa kamera yako kodeki hiyo ni H.264. Unaweza kuhamisha picha kutoka kasha moja kwenda jingine bila kuzigusa, au unaweza kuzifumua na kuzibana upya. Programu uliyotumia ilizifumua ikazibana upya, na hapo ndipo ubora ulipokutoka.

Nikueleze kwa nini vumbi ndilo lililoumia. Video ni mfululizo wa picha moja moja ziitwazo fremu, na H.264 haiandiki kila fremu nzima. Huandika moja kamili, kisha kwa zinazofuata huandika yale yaliyobadilika tu. Ukuta wa ukumbi wa sendoff hauhami, kwa hiyo haugharimu kitu. Lakini wale akina mama wanapozibana ngoma mapajani na kuanza kurukaruka, kila chembe ya vumbi iko mahali pengine katika kila fremu. Hakuna cha kurudia. Kamera ilijitahidi kwa megabiti 24 hivi kwa sekunde. Programu ikaja kubana kilichokwisha kubanwa, ikaipa kila chembe nafasi ndogo zaidi, na picha ikakatika vigae.

Na laptopu haikupata nafuu kwa sababu hiyo hiyo. Ili kukuonyesha fremu moja, inabidi ijenge upya kutoka ile kamili iliyotangulia. Ulitoka H.264 ukaingia H.264, kwa hiyo mzigo ulibaki palepale.

Kama shida yako ingekuwa tu programu kukataa MTS, dawa ni kubadilisha kasha. Kwa FFmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa amri za kuandika, andika hivi, ukiweka jina la faili lako badala ya 00012:

ffmpeg -i 00012.MTS -c:v copy -c:a pcm_s16le 00012.mov

Picha inanakiliwa kama ilivyo, na sauti inawekwa katika namna isiyobanwa, inayosomwa na programu nyingi. Kama amri zinakutisha, Shutter Encoder inafanya kazi hiyo hiyo kwa vitufe.

Kwa laptopu inayoganda, kuna kodeki za kuhariria: ProRes ya Apple na DNxHR ya Avid. Hizi huandika kila fremu kamili, kwa hiyo kompyuta haihangaiki, na hasara ya picha hutaiona kwa macho. Bei yake ni nafasi. Saa moja ya kamera yako ni kama GB 11. Saa hiyo hiyo kwa ProRes 422, HD kamili ya fremu 25 kwa sekunde, ni kama GB 55. Harusi ya saa tatu inakula GB 165. Na usidhani ubora utaongezeka. Ambacho kamera haikukiandika, ProRes haitakizua.

Mimi kwa laptopu yako ningetumia proksi. Programu za kuhariri DaVinci Resolve na Kdenlive, zote zinapatikana bure, hukutengenezea nakala ndogo nyepesi, kwa mfano nusu ya upana na nusu ya kimo. Unakata kwa nakala hizo, na unapotoa kazi ya mwisho programu inarudi kwenye faili za kamera. Hakikisha tu imerudi kabla hujabonyeza. Na fremu zibaki zilezile: kama kamera ilirekodi 25, usiruhusu programu ikupe 30, maana mwendo utaanza kushtuka.

Ukitaka uhakika kwamba hujapoteza kitu, chukua sekunde kumi zenye vumbi jingi. Ndani ya programu ya kuhariri, weka faili la asili juu ya lililobadilishwa, kisha chagua hali ya kuonyesha tofauti kati ya tabaka. Kama ulibadilisha kasha tu, skrini itakuwa nyeusi tii. Fanya hivyo na MP4 zako uone kinachojitokeza.

Ulichokwisha kukata hakijapotea. Tengeneza MOV kwa amri ile, uzipe majina yaleyale ya MP4, kisha kwenye mradi iambie programu iziunganishe badala ya MP4. Urefu na fremu zikilingana, kila mkato utakaa mahali pake, na vumbi la Chamwino litarudi kuwa vumbi.